Digidigi na Shitaka la Kuvunja Ua

Digidigi alikuwa na haya kupita kiasi. Mwaka wa njaa aliingia shambani kwa Ngiri akala njugu, akakamatwa na kupelekwa mbele ya Hakimu Korongo.

Kasuku, karani wa baraza, akasoma shitaka. "Unashitakiwa kwa kuvunja ua na kuiba. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," akanong'ona Digidigi, macho chini.

"Anayevunja na kuiba hufukuzwa ng'ambo ya mto, asirudi tena," akasema Korongo.

Digidigi akamwaza mwanawe. Mtoto alikuwa bado ananyonya.

Jirani yake Nguchiro, asiyeona tabu kuuliza, akasimama. "Mheshimiwa, sidhani ameelewa anachokiri. Dada, ua uliuvunja?"

"Sikuvunja. Lango lilikuwa wazi. Njugu nilikula."

"Mbona ulisema ni kweli?"

"Niliona aibu, nikataka yaishe upesi."

Ngiri, aliyependa sifa, akadakia kwa kishindo: "Lango langu huwa wazi siku zote! Nifunge kwa kumwogopa nani?"

Baraza zima likamgeukia. Ngiri akafumba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Basi ua haukuvunjwa," akasema Korongo. "Limebaki la wizi. Digidigi atapalilia shamba la Ngiri hadi mavuno."

Njiani Digidigi akashukuru huku akilia. Nguchiro akamwambia, "Kukiri kosa ni uungwana, dada. Lakini kiri ulilotenda tu."

Kulipokucha, Digidigi alikuwa shambani akipalilia, mwanawe ubavuni.