Karatasi za Kabatini

Usigeuze uso. Nakujua. Kipofu akipita, unatazama migomba. Akidai mtihani wake usahihishwe, unatazama mawingu. Mwaka 1979 ulisema tungoje vita viishe. Vimekwisha miaka minane, na shingo yako bado iko kule kule. Safari hii utatazama.

Deodatha, karani wa ofisi ya elimu wilayani, alifika Nyakakika Jumanne mchana, baiskeli anaisukuma, bahasha nene kaifunga nyuma kwa mpira. Uani alimkuta mama mmoja akigeuza kahawa juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta barua?"

"Barua gani, mama? Nimeleta kazi. Namtafuta mwalimu Twagirayezu."

Mama huyo, Nyirabageni, akamwita mwanawe. Kijana akatoka akipapasa ukuta, macho yake yameliwa na surua tangu utotoni. Pale kwenye kigango cha kanisa alikuwa akiwafundisha watoto watatu vipofu nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole.

Deodatha hakungoja kiti. Chuo kikuu kina mwanafunzi kipofu, alisema. Alifanya mtihani wa mwisho, akajibu kwa nukta, bila jina, namba tu. Mhadhiri pekee aliyejua kuzisoma akahama, karatasi zikafungiwa kabatini. Mwaka na miezi minne!

"Na siku tisa," alisema Twagirayezu.

"Sijui za siku. Ninachojua, mjumbe wa chuo yuko Bukoba mpaka Ijumaa. Akiondoka bila majibu yaliyoandikwa kwa wino, huyo mtu amefeli, basi. Waliuliza mkoa mzima nani anajua nukta, padri akakutaja wewe. Utasoma kwa sauti, mimi nitaandika. Keti tuanze."

Twagirayezu alipokea bahasha, akatoa karatasi ya kwanza, akapitisha kidole mstari wa juu. Kidole kikasimama. Akairudisha karatasi ndani taratibu.

"Kuna fomu ya kiapo humo. Nisomee."

"Aa, hiyo ni ya kusaini tu. 'Naapa kwamba simjui mtahiniwa huyu, wala sina faida yoyote katika matokeo yake. Nikisema uongo, mtihani wake ufutwe na yeye afukuzwe.' Haya, lete dole gumba."

"Kusaini najua, dada. Ila hii sisaini."

"Huwezi au hutaki?"

"Mtafuteni mwingine."

"Mwingine yupi? Nimekwambia mkoa mzima! Mimi ningejua kusoma hizi chunusi, ningepanda vilima vyote hivi kuja kukubembeleza?" Deodatha alikuwa anafoka. "Kipofu kumnyima kipofu mwenzake! Sisi wenye macho tukiwasahau mnatulaani, kumbe ninyi kwa ninyi ndio mnaotafunana. Mwenzako anasota huko aliko, pengine amekwisha kukata tamaa."

"Bado hajakata."

"Wewe umejuaje?"

Twagirayezu alimsogezea bahasha.

Nyirabageni aliacha kahawa yake, akaleta kikapu kidogo chenye punje za kahawa za kutafuna, kama apewavyo mgeni. "Tafuna kwanza, binti yangu. Nyumbani kwangu mgeni hafoki na kinywa kitupu."

"Mama, mwanao ana roho mbaya."

"Huyu?" Mama alicheka. "Huyu aliwahi kuwarudishia walimu alama mbili walizomzidishia. Nusura nimchape. Ana ubishi, hilo sikatai, lakini roho mbaya hana."

Deodatha alichukua punje moja kwa adabu, akaitia mfukoni. Akageuka tena. Sasa sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuomba. "Mwalimu, neno moja tu: 'simjui.' Nani atakuja huku kuuliza? Lisaini, umwokoe mtoto wa watu."

"Nikilisaini, ndipo nimemfukuzisha."

"Usiposaini, Ijumaa amefeli!"

"Naona hivyo, dada. Naona kuliko wewe."

Basi. Deodatha akaikwapua bahasha, akaifunga kwenye baiskeli, mpira ukamponyoka mara mbili.

"Nitawaandikia kwamba umekataa. Na jina lako nitalitia kwa herufi kubwa, ili huyo mwanafunzi amjue mtu aliyemwangamiza."

"Jina hilo analijua," alisema Twagirayezu. "Karatasi hizo ni zangu."

Leo bado ni Jumanne. Wewe unayejua nukta, njoo Nyakakika. Wewe usiyezijua, mtafute anayezijua, na baiskeli umpe. Acha kusoma. Inuka, uende.