Mafuta ya Mama Mkwe

Mbuzi wa ndafu alipopasuliwa tumbo, Nakunda alinyoosha kiganja. Ndiyo desturi ya siku ya mahari: mafuta ya figo hutua kwanza mkononi mwa mama wa binti, kabla nyama haijakatwa.

Kirenga, mjomba wa mchumba, akamwekea figo. Ilikuwa nyekundu, tupu, haina mafuta hata ya kulamba.

"Nini hiki?"

"Ndafu, mama. Tumemhasi wenyewe."

"Lini?"

Kirenga akatazama kisu chake. "Wiki iliyopita."

"Beberu mzima mmemhasi juzi, leo mnaniletea mnaita ndafu! Ndafu huhasiwa akiwa mdogo. Anawasahau majike, anakula na kulala mwaka mzima, ndipo anaponona. Huyu damu yake bado inakimbiza majike. Hebu mnuse! Mnanuka naye nyote."

"Nyama ni nyama tu, mama."

"Basi kampelekee mama yako! Mngengoja huo mwaka mngekufa? Nani aliwafukuza?"

Wageni wakainamisha vichwa. Mchumba mwenyewe alikuwa akichimba ardhi kwa ncha ya kiatu.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Binti yake akatoka na bakuli la chumvi, kanga ameifunga juu kabisa, chini ya matiti, na mkono wake mmoja umeshikilia tumbo lililoanza kutokeza.

Nakunda akamtazama. Kinywa kilikuwa bado wazi kwa matusi. Kiganja nacho kilikuwa bado wazi, na damu ya figo ikamtiririka taratibu kuelekea kiwikoni.