Mshono wa Kifungua Mimba

Chuma kilichoua mtu kilining'inia kwenye msumari juu ya mlango wa karakana, na aliyekitundika ni mama. Baba alitaka kikayeyushwe siku ile ile mahakama ilipokirudisha. Mama akamwambia kuwa hicho ndicho kitu pekee cha mwanawe alichobakiziwa, na asiyependa kukiona apitie dirishani. Tangu hapo alikuwa akiingia kazini ameinamisha kichwa.

Asubuhi hii aliingia hivyo hivyo, ila uso ulikuwa mkunjufu, kwa sababu roboti ilikuwa imefika. Ulikuwa mkono mmoja mkubwa wa chuma, umefungwa sakafuni kwa bolti, na shamba la mama lilikuwa limeuzwa ili ufike pale.

"Huyu ndiye kifungua mimba wangu sasa," baba alisema, akiupigapiga begani. "Hana uvivu, hana visingizio."

Mama alikuwa kwenye kona yake ya kupaka rangi. Brashi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Kifungua mimba wa kweli alikuwa gerezani. Karakana ile ilitengeneza vishikizo, vyuma vya pembe vinavyobeba mbao wanazosimama waashi na wapaka rangi huko juu ghorofani. Kimoja kilikatika, mpaka rangi mmoja akaanguka, wanawe wakabaki yatima. Na katika familia hii chuma hakitoki mlangoni bila alama ya aliyechomelea mshono wake, iliyogongwa kwa muhuri na nyundo: mwezi wa baba, nyota ya kaka, pembetatu ya binti. Mwezi ulishastaafu, maana daktari alimkataza baba moshi, akabaki kusimamia kazi na kutunza mihuri mezani kwake. Kile kilichokatika kilikuwa na nyota.

Binti ndiye aliyeitambua mbele ya hakimu. Alilia huku akisema, lakini alisema. Kaka yake alipopewa nafasi ya kujitetea alitamka maneno machache tu.

"Nyota ni yangu. Mshono si wangu."

Watu wakaguna. Baba, kwenye benchi la mbele, akajifunika uso kwa viganja, na ukumbi mzima ukamhurumia mzee wa watu kwa aibu aliyotiwa na mwanawe.

Tangu siku hiyo wateja waliwapa kisogo. Binti alikubali roboti, akakubali na shamba liende, kwa sababu moja tu: kaka akitoka, akute karakana bado ipo na yeye ana nafasi ndani yake. Baba alikuwa ameapa kwamba mfungwa yule hatakanyaga pale maadamu yeye yu hai. Binti alijipa moyo kuwa kazi ikirudi, na moyo wa mzee utalainika. Hakuwa na tumaini jingine.

Fundi aliyekuja kuifunga roboti, mcheshi wa maneno mengi, aliwaeleza kuwa haina makuu. Mtu anaushika ule mkono, anauongoza kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, moto ukiwa umezimwa. Baada ya hapo wenyewe unarudia.

"Haina macho wala akili ya kukurekebisha," alisema. "Ukipiga chafya katikati, utaikuta chafya yako kwenye kila kipande."

Binti akavaa glavu. Baba akamsogeza kando. Chuma cha kwanza cha nyumba hii kilipita mikononi mwake, alisema, na hiki nacho kitapita humo humo. Binti akamkumbusha habari ya kifua na daktari. Baba akauliza kama kuna moshi mahali ambapo moto haujawashwa. Siku kama ile nani angemnyima mzee heshima yake? Binti akampisha.

Baba aliushika mkono wa roboti kwa mikono yake miwili. Akageuza shingo upande, kama kuku anayemtazama mwewe, jicho la kushoto likatangulia. Kisha akaipitisha ncha kwenye maungio ya chuma taratibu, kwa ulaini ambao binti hakuwa ameuona tangu utotoni. Alijuta kwa miezi yote aliyomnunia baba yake.

Kitufe kikabonyezwa. Mwanga mkali ukawaka nyuma ya pazia, ukazimika, ukawaka tena. Vishikizo vikaanza kutoka kimoja baada ya kingine, binti akavipanga mezani kwa koleo vikiwa bado vya moto. Fundi akapiga makofi. Baba akacheka kwa sauti, na tangu kesi hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka.

Binti akavua barakoa, akainama kukagua. Mshono ulianza vizuri, ukanyooka, kisha kabla ya kufika kona ya ndani ukapinda juu na kukoma, ukaacha pengo la upana wa ukucha. Akatazama cha pili. Pengo lile lile, mpindo ule ule. Cha tatu hivyo hivyo. Rangi ingelifunika lote, mtu asilione.

"Kona imebaki wazi," alisema.

Kicheko cha baba kikakatika. Fundi akasema si neno, mashine itafundishwa upya, na tena safari hii afundishe dada. Baba akaamuru haraka vipande vile vyote vitupwe kwenye chuma chakavu.

Lakini mama alikuwa ameshaweka brashi chini. Aliburuta kigoda hadi mlangoni, akapanda, akakitoa kile chuma msumarini, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake. Akaja nacho bila kumtazama mtu, akakilaza mezani mwisho wa safu, kona ikiwa juu.

Kama si kutu na ile nyota, hakuna ambaye angejua kipi ni kipi.