Siku Joka Lilipokosa Kumeza Jua

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaliogopa anga, jua likipatwa walisema limemezwa na joka. Walitoka wote kupiga kelele ili joka lilitapike. Lakini kwanza kila mwenye kinyongo alimwendea mwenzake wakapatana, maana joka, walisema, halisikii sauti za waliokosana.

Nguchiro, mjuzi wao, alichoshwa na hayo. "Ni mwezi tu unapita mbele ya jua, jamani! Likipatwa tena, kaeni majumbani mwenu. Litarudi lenyewe."

Likapatwa tena. Kila mmoja akabaki shimoni mwake, kimya, na jua likarudi vilevile kama alivyosema. Nguchiro akatoka akichekelea, akangoja kupongezwa. Hakutokea hata mmoja.

Ndipo alipomkumbuka rafiki yake Nungunungu. Alikuwa amemcheka miiba yake mbele ya wakwe zake, na tangu hapo hawakusemeshana. Kumwomba radhi aliona haya. Kumbe siku zote hizo alikuwa akiingoja siku ya joka, siku ambayo hata mwenye kiburi huomba radhi na asionekane mnyonge. Na siku yenyewe ndiyo hiyo imepita.

Akajikaza, akaenda kupiga hodi.

"Ndugu yangu, nimekuja tupatane."

"Kwa nini leo?" Nungunungu akauliza kutoka ndani.

"Jua lilipatwa," Nguchiro akajibu kwa sauti ndogo.

"Si limerudi lenyewe?" akasema Nungunungu, na mlango hakuufungua.