Nyumba Isiyo na Kitu Kilicholala

Siku hizi sheria ya maghala inahusu nyumba pia: kitu kisichoguswa kwa siku tisini huchukuliwa, akapewa anayekihitaji. Majirani zangu hapa Kihonda wanalalamika. Mimi nimesimamia ghala la mbolea miaka kumi na tisa, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza Morogoro nzima kwa kuifuata sheria hiyo. Unga ulioingia kwanza hutoka kwanza, na kila kanga ina zamu yake ya kuvaliwa.

Jana wakaguzi walileta wageni waje kujifunza kwangu. Niliwapitisha jikoni na stoo, na kipimo chao cha kunasa vitu visivyoguswa kikawaka kijani kila mahali.

"Mama Sekela, huna hata kijiko kilicholala," mkaguzi alisema.

Nikatangulia kifua mbele hadi chumba cha mwisho, cha mama mkwe wangu. Hatoki kitandani, na kitanda chenyewe humlisha na kumwogesha. Nilimkuta ametoa mkono nje ya shuka, anatazama mlango.

"Mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "kabla hawajaingia, nishike kidogo."

Nikasimama pale, nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumgusa ilikuwa lini.