Konzi ya Nyongeza

Afisa wa vipimo aliweka kopo jipya la serikali mezani kwa Mashavu, pale sokoni, akalichukua lile kuukuu lililobonyea. Kuanzia leo, alisema, maharage yatauzwa kopo moja kwa bei moja, na kopo litasawazishwa kwa kijiti. Nyongeza ni marufuku, na atakayeonekana akiongeza atanyang'anywa kizimba.

Bi Nyangeta, mteja wa kwanza kila asubuhi, alikuwa amekwisha kutandaza pindo la khanga.

"Sheria hii inakulinda wewe, bibi," afisa alimwambia. "Usipunjwe."

"Nilinde, mjukuu wangu. Lakini huyu huwa ananiongezea."

Mashavu alijaza kopo, akapitisha kijiti. Kichuguu cha juu kiliporomoka, kikarudi guniani. Hakuhisi hasira wala huruma, ila uzito wa mkono wake, kama ni wa mtu mwingine. Akamimina maharage kwenye khanga. Bi Nyangeta hakulikunja pindo. Alisubiri, kama alivyozoea miaka yote.

Mkono wa Mashavu ulizama guniani, ukafumba konzi. Afisa alikuwa bado amesimama pale, anaandika. Mkono ulibaki humo, umejaa, na khanga ilibaki wazi.