Shomoro Aliyejipaka Masizi

Hakuna ndege wanaopenda vyeo kama shomoro. Dume mwenye doa kubwa jeusi kifuani ndiye mkubwa wao, na mkubwa hula kwanza. Chakupewa alikuwa na kadoa kadogo tu, kwa hiyo kila siku aliambulia makapi.

Asubuhi moja akajisugua kifua kwenye masizi ya sufuria, kisha akatua kwenye mkeka wa mpunga ulioanikwa. Wote wakampisha. Akala mpaka tumbo likagusa mkeka.

Mara paka akaja, akajilaza juu ya mpunga. Shomoro wote wakamgeukia Chakupewa.

“Mkubwa, kazi kwako,” alisema Bi Mwanakombo, jike mwenye mdomo mkali. “Anayetangulia kula ndiye anayetangulia kumdonoa paka mkia. Ndiyo mila yetu.”

“Bila shaka,” alisema Chakupewa. “Ngoja nijiandae.”

Akaruka mpaka kwenye karai la maji ya kuku, akaoga haraka haraka, akarudi na kadoa kake ka zamani.

“Mkubwa yuko wapi?” akaulizwa.

“Ametoka kidogo. Amesema msimsubiri.”

Bi Mwanakombo akayatazama maji meusi yaliyokuwa yakimchuruzika miguuni.

“Haidhuru,” alisema. “Utakaimu wewe, mwanangu. Mkia ule pale.”